Nchi Iliyopigia Kura Mabao

Nilikwisha kulipita shamba la mwisho la mkonge nilipokumbuka kwamba sikumuaga mtu. Binti yangu Mwanvita angeamka, angeona kofia haipo msumarini, naye angesema, "Keshaanza tena." Nina miaka sabini na mitatu, na miguu yangu haijapata kunisikiliza hata siku moja. Nikafikiri nirudi. Sikurudi. Mtu akirudi kuaga huambiwa akae kwanza anywe chai, na chai imeua safari nyingi kuliko simba.

Nijieleze kidogo, ili msomaji ajue anazungumza na nani. Shule nimesoma kwa vipande: la kwanza mpaka la tatu kwa wamisheni, la nne kwa serikali, la tano sikulimaliza kwa sababu ya ugomvi na mwalimu wa hesabu, na yaliyobaki nimeyaokota kwenye magazeti yaliyofungia sukari. Kwa siasa mimi ni mtu wa kale. Sisemi kila cha zamani ni kizuri. Surua nayo ni ya zamani. Nasema tu kwamba nikikuta kigingi kimechomekwa mahali, siking'oi mpaka nijue alifungwa mbuzi wa nani. Wanangu huuita huo ukaidi. Haya, na uwe ukaidi.

Namna nilivyofika Nderemo haina maana. Nilitembea, nikapakiwa, nikatembea tena. Mpakani palikuwa na meza moja, na nyuma ya meza afisa mnene mwenye adabu, jina lake Mangosongo, amevaa jezi ya mistari.

"Mzee, shikamoo. Wewe ni Mistari au Madoa?"

"Marahaba. Mimi ni Mbaraka Singano."

"Jina tutalifikia. Jezi kwanza."

"Nimevaa shati."

Akaliangalia shati langu la kaki kana kwamba nimekuja mtupu. "Mzee wangu, shati hilo halina maoni. Mtu asiye na maoni nimwandike wapi?" Akanionyesha fomu yake. Kweli, palikuwa na visanduku viwili tu.

Ndipo akanieleza. Watu wa Nderemo huzaliwa wakiwa Wamistari au Wamadoa, kama mama na baba. Mtoto akitoka tu hufungwa kitambaa cha upande wake, na kitambaa hicho hukua naye mpaka sanda. Fundi wa Mistari hazibui bomba la Madoa. Mchuzi wa Madoa, Mmistari akiuonja, umezidi chumvi hata kama haujatiwa chumvi. Mgeni asiye na upande hupewa jezi ya muda: mbele mistari, nyuma madoa. Nikavaa, shati langu nikalikunja mfukoni. Nilipopita sokoni, Wamadoa waliokuwa wakija mbele yangu wakanizomea, na Wamistari niliowaacha nyuma wakanizomea. Kufika mwisho wa soko nilikuwa natembea kiubavu kama kaa.

Malazi nayo yalikuwa na sheria yake. Mgeni wa jezi ya muda hawezi kulala kwa Mmistari wala kwa Mmadoa bila jirani kuandika malalamiko, kwa hiyo hupelekwa kwa mtu mmoja tu katika nchi nzima anayeruhusiwa kuvaa nguo isiyo na chapa. Mtu huyo ni refa.

Refa wa Nderemo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, Bi Mwanakheri Pazi, mrefu, mweusi, miguu mikavu kama ya korongo, amevaa gauni jeusi tupu, na shingoni filimbi ya shaba iliyokuwa ya baba yake. Aliishi katika Nyumba ya Filimbi, nyumba ya serikali ya vyumba vitatu, mkabala na ukuta wa uwanja mkuu. Nilipobisha hodi alinitazama jezi yangu, mbele na nyuma, akacheka.

"Karibu, kaka. Hapa unaweza kutembea ukiangalia mbele."

Akanipa viazi vitamu na chai, akanifundisha nchi yake.

Zamani, alisema, walikuwa na uchaguzi kama watu wengine. Lakini masanduku ya kura yalikuwa yakienda msalani na kurudi yamenenepa. Watu wakachinjana mara mbili. Wazee wakakaa wakasema: tutafute kitu kisichonenepa. Wakachagua mpira. Tangu hapo, kila miaka mitano huchezwa Kombe la Dola, Mistari na Madoa, dakika tisini, na timu inayoshinda ndiyo inaunda serikali. Refa akipuliza la mwisho, aliyeshindwa hutoa mkono na kwenda nyumbani kusubiri miaka mitano. Hawakuchinjana tena.

"Ni busara hiyo," nikasema.

"Ilikuwa. Nenda kesho Barazani ukaangalie imefika wapi."

Nikaenda. Baraza la Nderemo ni jumba zuri lenye zulia la kijani, na zulia lile limechorwa mistari ya chokaa. Maana wanasiasa, kwa kuwa madaraka huja kwa mpira, wamejifunza mpira. Na wachezaji, kwa kuwa mpira huleta madaraka, wamejifunza siasa. Mheshimiwa mmoja wa Madoa alisimama akaeleza kwa utulivu kwamba daraja la mjini lina nyufa. Kabla hajamaliza, waziri wa Mistari aliyejenga daraja hilo alijirusha sakafuni, akashika ugoko na kugaagaa. Hakuguswa na mtu. Wakaingia watu wanne na machela, wakamtoa nje kwa huzuni, na Spika akamwonyesha msemaji kadi ya njano. Punde si punde waziri akarudi mbio kwa mlango mwingine, anapunga mkono, na upande wake wote ukamshangilia. Habari ya daraja ikawa imekwisha.

Siku ile palikuwa na muswada mkubwa, na jina lake lilikuwa Sheria ya Bao Shirikishi. Mwenye muswada alikuwa mkuu wa Mistari, Mheshimiwa Abasi Mkumbwa, mtu wa sauti tamu na mikono isiyotulia.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "Jumapili ni Kombe la Dola. Uwanjani watakuwepo watu arobaini elfu. Macho themanini elfu! Kwa nini macho mawili ya mama mmoja yawe mazito kuliko hayo yote? Bao liwe bao pale theluthi mbili ya watazamaji watakapopiga kura kwamba ni bao. Na tusisahau, Mheshimiwa Spika, Bao la Mkono. Miaka thelathini iliyopita baba yake huyu mama alikubali bao la kiganja, tukatawaliwa miaka mitano na watu ambao hawakutushinda. Nani alitulipa miaka ile?"

Nakiri hoja ilinigusa. Mimi ni mtu wa kale, si kiziwi.

Nikadhani Wamadoa watapinga, kwa kuwa ndio kazi yao. Lakini mkuu wao, Mheshimiwa Tabu Mgoi, mama mfupi mwenye macho ya kuhesabu, alisimama akaunga mkono. Baadaye nilielewa. Kila upande uliamini kwamba wenye akili ni wengi, na kwamba wenye akili ni wao.

Mzee mmoja wa kiti cha nyuma, mwenye kikohozi, aliomba mwongozo. "Mheshimiwa Spika, filimbi ikiondoka, mechi itamalizwa na nani?"

Akaonyeshwa kadi ya njano kwa kupoteza muda. Kisha wakaandika, kwa ajili yake, kwamba mechi itakwisha kwa ridhaa ya pande zote mbili, na kwamba filimbi ni marufuku kupulizwa uwanjani. Muswada ukapita kwa sauti moja. Wakaimba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Mistari na Madoa kukumbatiana, na walikumbatiana juu ya mtu mmoja.

Niliporudi, Bi Mwanakheri alikuwa barazani anachambua mchele. Alishasikia.

"Alilosema juu ya baba yako ni kweli?" nikamuuliza. Mimi sijui kuzunguka.

"Kweli tupu. Aliona kichwa, kumbe kiganja. Alijua kabla hajavua viatu, maana mpigaji mwenyewe alikuwa anacheka."

"Kwa nini hakulifuta?"

"Angelifuta lile, kaka, kesho yake wangemletea la miaka mitano nyuma, na la kumi nyuma. Filimbi inayorudi nyuma si filimbi. Akakaa nalo. Kila mwaka, siku ile ile, alikwenda kwa kipa aliyefungwa, akakaa barazani kwake, hasemi neno. Yule kipa anamletea kahawa, naye hasemi neno. Miaka kumi na minne, mpaka kipa akafa. Baba ndiye aliyeshika jeneza mbele."

Akapepeta ungo. "Jumapili ingekuwa yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Miaka ishirini na tisa nimepuliza, sijakosea kubwa. Nilitaka hii moja niipulize safi, watu waseme: nyumba ile ilikopa, nyumba ile imelipa. Basi. Nilikuwa nataka hilo tu."

Jumapili hakuruhusiwa kuingia; mlinzi alisema gauni tupu halina jukwaa. Mimi na jezi yangu ya pande mbili sikuwa na jukwaa pia. Tukachukua kreti mbili za soda, tukazipindua kando ya ukuta wa mabati, na hapo palikuwa na tundu mbili za misumari, moja yangu, moja yake. Ukutani pale, nadhani, tuliona vizuri kuliko wote, maana hatukuwa na wa kumshangilia.

Mechi ilitangazwa kuanza saa nane. Saa nane ikaanza misimamo. Huko Nderemo mchezaji hagusi mpira kabla hajatoa msimamo wake juu ya mambo ya nchi: maji, ndoa, mipaka, bei ya ngano, hali ya hewa ya nchi za mbali. Kipa wa Madoa alisoma kurasa sita. Winga wa Mistari alilia katikati, akapewa kitambaa, akaanza upya. Ilipofika zamu ya nahodha wa Mistari, beki mrefu aitwaye Nasibu Chuma, alisogea akasema, "Msimamo wangu ni kwamba tuanze." Jukwaa lake mwenyewe likamzomea.

"Huyo alikuwa mwanafunzi wangu," Bi Mwanakheri alininong'oneza. "Nilimpa kadi nyekundu akiwa na miaka kumi na sita. Alikuja nyumbani kunishukuru."

Saa kumi na nusu mpira ukaanza kwa ngoma. Na ulipoanza, nawaambieni, ulikuwa mpira. Vijana wale walikuwa na miguu! Kwa dakika kumi na mbili nikasahau kwamba nipo nchi ya wendawazimu. Ikaja krosi kutoka kushoto, na hapo hapo karanga zangu zikamwagika. Nikainama kuokota. Nikasikia nchi nzima inalipuka.

"Bao," alisema Bi Mwanakheri. Mkono wake ulishakwenda kwenye filimbi, ukasimama. "La Madoa. Umeliona?"

"Nilikuwa naokota karanga."

"Ee Mungu wangu," akasema. "Kaka Mbaraka, karanga!"

Ndani wakapiga kura. Mtu alipunga jezi kusema ndiyo, akakaa kusema siyo. Madoa wote ishirini elfu wakapunga. Mistari wote ishirini elfu wakakaa. Theluthi mbili haikupatikana. Dakika ya thelathini Mistari nao wakafunga, nikaona mwenyewe kuwa mfungaji yuko nyuma ya kipa anazungumza na mshika kibendera, yaani kaotea kama fisi zizini. Nao wakapiga kura, ikawa vile vile kwa upande wa pili. Baada ya hapo hakuna aliyejali tena mpira uko wapi. Mtu aliupiga juu ya ukuta, jukwaa lake likapunga. Kila upande ukatundika ubao wake wa matokeo. Kufika dakika ya tisini, ubao wa Mistari ulisema kumi na saba kwa bila, na ubao wa Madoa ulisema kumi na tisa kwa bila.

Mpiga ngoma akauliza kama mechi iishe. Madoa wakasema iishe, kwa matokeo ya ubao wao. Mistari wakasema iishe, kwa matokeo ya ubao wao. Ridhaa haikupatikana. Mechi ikaendelea.

Iliendelea siku tisa. Msinicheke, sheria ni sheria. Mchezaji akitoka uwanjani anahesabiwa amekubali kushindwa, kwa hiyo hakutoka mtu. Walicheza wakitembea. Wake zao walipitisha vyungu juu ya ukuta. Beki wa kulia wa Madoa alinyolewa kwenye duara la katikati. Kipa wa Mistari, mtu wa shamba, alipanda marando ya viazi nyuma ya goli lake, na siku ya saba yalikuwa yameshika. Majukwaani watu walibadilishana zamu ili kura zisipungue. Mashamba yakakauka. Shule zikafungwa, maana walimu walikuwa jukwaani.

Siku ya nane nilisema imetosha, nikaenda mpakani. Mangosongo alikuwa mezani, amekonda.

"Nigongee muhuri, bwana mdogo, nitoke."

"Kwa jina la serikali ipi, mzee? Ya zamani imeisha muda wake, mpya iko uwanjani. Muhuri ninao. Wa kunituma niugonge sina." Akatoa kitambaa akajifuta. "Na mama yangu mgonjwa, hospitali wanasema mganga wa zamu ni Madoa. Nimempeleka, nimemrudisha. Mzee, kwenu mnafanyaje?"

"Kwetu pia tunaelekea huko," nikamwambia. "Ila hatujafika."

Siku ya tisa asubuhi akaja Mheshimiwa Mkumbwa kwenye Nyumba ya Filimbi, kwa miguu, bila walinzi.

"Shangazi, nchi inakuhitaji."

"Juma lililopita nilikuwa kikwazo."

"Aa, kikwazo ni neno la Barazani, shangazi, lisikuumize. Sikiliza. Saa nne tutakuwa tunashambulia. Ukisikia vigelegele vya upande wetu, puliza la mwisho."

"Sheria imenikataza."

"Imekukataza uwanjani. Hapa kibarazani kwako haikusema kitu. Naijua, nimeiandika mimi."

"Uliacha mlango wazi makusudi?"

"Fundi mzuri haachi nyumba bila mlango wa nyuma." Akatabasamu. "Na nyumba hii, shangazi, unastaafu nayo. Iwe yako."

Bi Mwanakheri akamwambia chai imekwisha. Ilikuwapo chai birika zima. Mimi nilikuwa nainywa.

Adhuhuri akaja Mheshimiwa Tabu Mgoi, ameleta kanga mpya ya madoa.

"Dada, wewe uliliona bao letu. Watu walikusikia ukutani ukisema bao."

"Nililiona."

"Basi puliza, useme."

"Nikipuliza kwa kuwa umenijia na kanga, litakuwa bao lako, Tabu. Lilikuwa bao la yule kijana."

"Haki ni haki, hata ikiombwa!"

"Ndiyo. Ila ikishaombwa, nani ataijua kwa sura?"

Alipoondoka, nikamkabili mwenyeji wangu. Nilikuwa nimechoka na jezi ile na kutembea kiubavu. "Bi Mwanakheri, sasa unangoja nini? Wewe uliliona. Nchi inaoza."

Akairudisha filimbi ndani ya gauni. "Niliona kwa tundu la msumari," alisema. "Nikiwa nje, mbali, jua usoni. Baba alikuwa hatua nane, akaona kichwa. Na kama lilikuwa kiganja, kaka? Wewe ulikuwa unaokota karanga. Niwe mtu wa pili wa nyumba hii kuipa nchi serikali ya uongo? Nife nalo?"

Ningekuwa nayo macho ya siku ile ningempa.

Alasiri tukasikia mtu anagonga bati upande wa ndani. Tukasogea kwenye kreti zetu.

"Shangazi. Upo?"

"Nipo, Nasibu."

Nikachungulia. Nahodha wa Mistari alikuwa ameegemea ukuta, ndevu zimemwota, daluga zimechanika, kijiti cha mti mkononi kama babu.

"Mke wangu amejifungua juzi," alisema. "Wa kiume. Nimeonyeshwa juu ya ukuta, kama samaki. Tupulizie, shangazi. Vijana wote wanataka, wetu na wao. Hakuna anayethubutu kutoka wa kwanza."

"Nikipuliza nitaulizwa matokeo. Na mimi nina bao moja tu."

"La dakika ya kumi na mbili."

"La kumi na mbili."

Akasema kwa sauti ndogo, "Mpira ulinipita hapa, chini ya goti. Kipa wetu aliugusa ukiwa ndani ya wavu."

Bi Mwanakheri aliweka kiganja kwenye bati. "Nasibu. Mkono ulikuwepo? Niambie kama mwanangu. Yule kijana aligusa kwa mkono?"

"Mkono wapi! Kichwa, shangazi. Kichwa kitupu, kizuri mpaka nilitaka kumpongeza."

"Na kura yako?"

"Nilikaa chini," akasema. "Kama wenzangu. Nilikaa nikasema halikuingia."

"Utayasema haya mbele za watu?"

Akachora chini kwa kijiti chake. "Wakinivua jezi, shangazi, mtoto nitamfunga kitambaa gani?"

Hapo ndipo nilipomwona Bi Mwanakheri akinyooka. Sijui nieleze vipi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na tisa juu ya kreti ya soda, na ghafla kreti ile ikawa na heshima.

"Basi sitakuuliza mbele za watu," alisema. "Kuchukiwa ni kazi yangu. Nenda kasimame na wenzako."

Akasubiri afike katikati. Hakusubiri vigelegele vya upande wowote. Alichagua wakati ambapo mpira ulikuwa umelala tu karibu na kona na hakuna aliyeushambulia. Akavuta filimbi, akapuliza mara tatu, ya tatu ndefu.

Nimesikia mizinga maishani mwangu, na nimesikia adhana ya alfajiri katika mji nisioujua. Hakuna sauti iliyowahi kusimamisha watu vile. Wachezaji ishirini na wawili walianguka chini mahali walipokuwa, kama nguo zilizokatika kamba. Watu majukwaani walikwisha simama na kushika mikoba yao kabla hawajakumbuka kwamba filimbi imefutwa. Mazoea yana akili yake.

Akapanda juu ya bati, mimi nimemshika miguu, kichwa chake kikatokeza ukutani.

"Moja kwa bila!" akapaza. "Madoa. Dakika ya kumi na mbili, kwa kichwa. Nendeni nyumbani."

Mheshimiwa Mkumbwa alipiga ukelele kwamba ni batili. Nusu ya jukwaa ikaanza kunguruma naye. Lakini Nasibu Chuma alikuwa amekaa kwenye nyasi anafungua kamba za daluga. Akazivua, akasimama peku, akachechemea mpaka kwa yule kijana wa Madoa aliyefunga, akampa mkono. Kisha akatoka getini. Wakamfuata wote, Mistari na Madoa, wameshikana mabega kwa sababu hawakuweza kusimama vinginevyo. Kura ya mpira usio na wachezaji haina maana hata Nderemo. Mkumbwa alijirusha chini, akashika ugoko. Wabeba machela walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Yaliyowapata baadaye ni haya, kama nilivyoyaona na kama nilivyoandikiwa.

Madoa waliunda serikali siku ya Alhamisi. Mheshimiwa Tabu Mgoi alikuwa mkuu wake, na katika hotuba yake aliwashukuru wapiga kura. Sheria ya Bao Shirikishi haikufutwa. Iliundiwa kamati, na kamati haijakutana. Mheshimiwa Mkumbwa anaongoza upinzani na anasema kila wiki kwamba alidhulumiwa na filimbi ya nje. Mzee mwenye kikohozi alifariki kabla kadi yake ya njano haijafutwa. Daraja lilianguka mwezi wa mvua. Hakufa mtu, ila ng'ombe wawili.

Mangosongo alichukua jezi yake ya muda, akanigongea muhuri. Kwenye nafasi ya jezi aliandika kwa kalamu, pembeni ya visanduku vyake viwili, "hana," akaangalia kama kuna mtu anamwona. Mama yake alipona kwa mganga wa Madoa na hajamsamehe mwanawe.

Nasibu Chuma alivuliwa unahodha na jezi kwa kutoka wa kwanza. Anashona viatu. Mtoto wake alifungwa shati langu la kaki, nililomwachia mkewe siku ya kuondoka. Nasikia ni mtoto wa kwanza wa Nderemo kufungwa kitambaa kisicho na kitu, na majirani waliandika malalamiko.

Bi Mwanakheri alitolewa Nyumba ya Filimbi mwezi wa pili, maana kisheria hakukuwa tena na filimbi ya kuipa nyumba. Wamistari hawamsalimii. Wamadoa humsalimia mbele za watu tu. Yuko kwa dada yake milimani, anafuga mbuzi kumi na mmoja. Siku ya mechi ile, mwaka uliofuata, Nasibu alimpandia mlima, akakaa barazani, naye akampa kahawa. Filimbi anayo, hakuna aliyekumbuka kumdai.

Mimi nilifika nyumbani kifua wazi. Mwanvita aliuliza shati liko wapi, nikamwambia limevaliwa na mtoto. Akasema chai imepoa.